Wadominika "wanaukataa weusi"? Tuache nywele kwanza, tuongelee vyeti vya kuzaliwa

Kisiki cha Mvule (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Kuna aina ya klipu haikosi kuzunguka mitandaoni. Jamaa mweusi tii, nywele kipilipili, yuko mtaani Santo Domingo, anaulizwa kama yeye ni mweusi. Anajibu hapana, mimi ni Mdominika. Au anajiita "indio", yaani mwenyeji wa asili wa Amerika. Chini yake watu wanamwaga vicheko, eti kajisahau, eti kwao hakuna kioo.

Mimi kicheko hicho kimenichosha, kwa sababu kinamwangukia mtu asiye na kesi. Huyo jamaa hakujizulia jibu. Kalelewa na dola iliyokaa miaka mingi ikimfundisha kwamba mweusi ni mtu wa ng'ambo ya mpaka, Mhaiti. Na dola hiyo haikuishia kwenye mafunzo: mwaka 1937 ilitumia panga, mwaka 2013 ikatumia mahakama. Nitakwenda taratibu, uzi ni mrefu, mwenye haraka apite kushoto.

Kwanza tuelewane ni wapi. Ni Jamhuri ya Dominika, ile inayogawana kisiwa cha Hispaniola na Haiti, si Dominica ile ndogo iliyotawaliwa na Mwingereza. Waafrika walianza kushushwa hapo mwanzoni kabisa mwa miaka ya 1500, wakati Wataino wenye kisiwa chao wanateketea kwa maradhi na kazi za shokoa. Uasi mkubwa wa kwanza wa watumwa unaojulikana katika Amerika yote ulilipuka hapo, Krismasi ya 1521, kwenye shamba la miwa la Diego Colón, mtoto wa Columbus. Ni karibu miaka mia moja kabla meli ya kwanza ya Waafrika haijafika Virginia.

Halafu sukari ikafa. Hapa watu wengi wanaruka, na ndipo penye ufunguo. Hispania ilihamia kwenye fedha ya Mexico na Peru, kisiwa kikasahaulika. Mwaka 1605 na 1606 gavana Antonio Osorio akachoma miji ya kaskazini na magharibi na kuwahamisha watu kwa nguvu, ati anakomesha magendo na Waholanzi. Alichofanikiwa ni kuacha magharibi tupu, Wafaransa wakaingia. Mashariki pakabaki nchi ya ng'ombe na umaskini. Bwana na mtumwa wake wote wako porini wanasaka ng'ombe, wanakula ndizi zilezile, na mara nyingi bwana mwenyewe hana pesa ya kununua mtumwa wa pili. Watu wakachanganyika, watumwa wengi wakajikomboa, na kufikia mwisho wa miaka ya 1700 walio wengi walikuwa watu huru, machotara wa kila kivuli. Upande wa Wafaransa hali ilikuwa kinyume kabisa. Saint-Domingue, ndiyo Haiti ya baadaye, mwaka 1789 ilikuwa na watumwa karibu 500,000, wanakufa mashambani na wengine wanaletwa kuziba nafasi zao.

Sasa chukulia wewe ni mweusi huru wa mashariki miaka hiyo. "Negro" kwako ni mtumwa wa miwa kule kwa Wafaransa. Wewe una mifugo yako, panga kiunoni, pengine na cheo jeshini. Watu wa namna yako walifika hata kujiita "weupe wa nchi". Tunaweza kucheka, lakini walikuwa wanataja hadhi, si rangi ya ngozi.

Februari 1822 Rais wa Haiti, Jean-Pierre Boyer, akaingia Santo Domingo na jeshi, akaunganisha kisiwa chote na kufuta utumwa. Ndiyo, aliyewafungua watumwa wa Dominika ni Mhaiti, na hilo halipigiwi ngoma sana huko. Ila tusiegemee upande mmoja. Mwaka 1825 Boyer huyohuyo alikubali kuilipa Ufaransa faranga milioni 150 ili itambue uhuru wa Haiti, na mzigo wa deni hilo ukawaangukia na watu wa mashariki ambao halikuwa lao. Akataifisha mali za Kanisa, akavuruga umiliki wa ardhi, chuo kikuu kikafa. Watu wakachoka. Juan Pablo Duarte na wenzake wakaunda chama cha siri mwaka 1838, na tarehe 27 Februari 1844 mashariki ikajitoa. Kwa hiyo Mdominika akisherehekea uhuru, anasherehekea kuachana na Haiti.

Jambo moja la siku zilezile za kwanza linanifurahisha. Pale Monte Grande, karibu na mji mkuu, weusi waliokombolewa na Boyer walishika silaha wakihofia utumwa unarudi. Viongozi wapya ikabidi watangaze haraka kwamba utumwa haurudi kamwe, na wale watu wakaingia jeshini chini ya Santiago Basora. Taifa lenyewe lilianza kwa kuwatuliza weusi wake. Na mmoja wa waasisi watatu, Francisco del Rosario Sánchez, alikuwa chotara.

Mwaka 1861 Rais Pedro Santana akairudisha nchi kwa Hispania, wakati Hispania bado inamiliki watumwa Cuba na Puerto Rico. Unaweza kukisia weusi walivyolipokea. Sánchez akaingia kupigana akitokea Haiti, akakamatwa na kupigwa risasi tarehe 4 Julai mwaka huohuo. Vita vikaanza upya Agosti 1863, na jina lililong'ara ni la Gregorio Luperón, mweusi wa Puerto Plata. Haiti iliwapa hifadhi na msaada. Hispania ikaondoka 1865. Uhuru wa pili, basi, Wadominika walisaidiwa kuupata na haohao Wahaiti.

Inaendelea. Msinichanganyie kwanza.

Mtoto wa Mbagala

Nimeweka kambi. Endelea mkuu.

Zuwena Forodhani

Kaka, naona unatupitisha upande wenye jua tu. Mbona 1805 umeiruka? Dessalines, mtawala wa Haiti, alichinja raia wa upande wa mashariki, Moca na Santiago. Watu hawaamki asubuhi wakachukia jirani bila sababu.

Kisiki cha Mvule

Dada Zuwena, ni kweli kabisa. Jeshi la Dessalines lilishindwa kuuteka mji wa Santo Domingo, na wakati wa kurudi likaua raia Moca na Santiago. Kumbukumbu hiyo ilibaki na ilikuwa halali kubaki. Ninachobisha ni kuichukua 1805 kuelezea 1937. Katikati hapo kuna miaka mia na zaidi. Ulises Heureaux, yule wanayemwita Lilís, alikuwa mweusi mwenye baba wa asili ya Haiti, na ameitawala Dominika kwa mkono wa chuma hadi alipouawa 1899 hukohuko Moca. Aliuawa kwa udikteta na madeni. Wasomi wa mji mkuu walikuwa na dharau zao kwa Haiti, lakini mpakani kulikuwa na biashara na ndoa.

Kisiki cha Mvule

Tuendelee.

Rafael Trujillo alishika nchi mwaka 1930, akaishikilia hadi alipopigwa risasi Mei 1961. Bibi yake mzaa mama alikuwa na asili ya Haiti. Mwenyewe alikuwa anajipaka poda usoni apate kuonekana mweupe. Hapo mwenye kucheka acheke.

Mpaka alioukuta ulikuwa mpaka wa kwenye ramani. Maeneo ya Dajabón mtu analala upande huu, analima upande ule, watoto wanaongea Kihispania na Kikreoli cha Haiti kwa pamoja, ng'ombe hawana habari na serikali. Mwanzoni mwa Oktoba 1937 askari wakapewa amri ya kuua. Walitumia zaidi mapanga kuliko bunduki, ili ionekane ni wakulima waliochoshwa na wezi wa mifugo. Makadirio ya waliouawa yanatofautiana mno, wengi wanataja kati ya 12,000 na 20,000. Mmesikia ile habari ya kuoneshwa jani na kuambiwa litaje kwa Kihispania, ukikosea matamshi umekwisha. Inasimuliwa kila mahali. Mimi naona imekuzwa kwa sababu inavutia kusimulia. Mpakani watu walikuwa wanajuana kwa majina, na wengi wa waliouawa walizaliwa hapo, wakabatizwa hapo, Kihispania wanakijua vizuri.

Na shikeni hili. Wahaiti waliokuwa kwenye mashamba ya miwa ya kampuni za Kimarekani hawakuguswa, walihitajika kazini. Aliyechinjwa ni mkulima aliyeota mizizi, aliyeoana na jirani, ambaye huwezi tena kumtenga kwa kumwangalia. Baadaye Dominika ikakubali kuilipa Haiti dola 750,000, zikapunguzwa zikawa 525,000, na zilizowafikia ndugu wa marehemu ni makombo.

Mwaka uliofuata, kwenye mkutano wa kimataifa wa wakimbizi pale Évian, Ufaransa, Trujillo huyohuyo akajitolea kupokea Wayahudi hadi 100,000 waliokuwa wanamkimbia Hitler. Waliofika ni mamia tu, wakawekwa Sosúa kuanzia 1940. Waliookoka wanamshukuru, na wana haki. Lakini hesabu yake ilikuwa pia ya rangi: watoe weusi mpakani, ingiza Wazungu.

Baada ya hapo ikawa kazi ya shule na ofisi. Joaquín Balaguer, aliyemtumikia Trujillo kisha akawa rais mara kadhaa hadi 1996, aliandika kitabu kizima kuonya kwamba Wahaiti wataimeza nchi kwa kuzaana. Kwenye kitambulisho cha taifa kwa miongo mingi kulikuwa na sehemu ya rangi, na karani aliwaandika walio wengi "indio". Indio wa kung'aa, indio wa kukoza. Sisi tungesema maji ya kunde. Mtaino alishatoweka karne nne nyuma, lakini jina lake lilifaa kuufunika weusi bila kumwita mtu mweupe. Ukimuuliza kijana aliyekulia kwenye mfumo huo yeye ni nani, atakujibu kilichoandikwa kwenye kitambulisho cha baba yake.

Siasa za rangi zikaonekana wazi kwa José Francisco Peña Gómez. Huyu alizaliwa Machi 1937 kwa wazazi wa asili ya Haiti, mauaji yakawatenganisha akiwa mchanga, akalelewa na familia ya Kidominika. Akakua akawa mwanasiasa mkubwa, meya wa Santo Domingo 1982 hadi 1986. Alipogombea urais 1994 zilisambazwa habari kwamba ni mchawi wa voodoo na kwamba ana mpango wa kuiunganisha nchi na Haiti. Uchaguzi ukaibwa wazi kiasi kwamba Balaguer alilazimika kukubali kukaa miaka miwili badala ya minne. Mwaka 1996 Peña Gómez akaongoza duru ya kwanza kwa karibu asilimia 46. Duru ya pili Balaguer na hasimu wake wa maisha, Juan Bosch, wakaungana ili asipite, na Leonel Fernández akashinda. Muungano huo waliuita wa "kizalendo". Peña Gómez akafa kwa saratani 1998. Leo uwanja mkuu wa ndege wa Santo Domingo una jina lake.

Fundi Cherehani

Mkuu yote hayo sawa, lakini Sammy Sosa, yule Mdominika mcheza besiboli, je? Alikuwa mweusi kama mimi, ghafla 2009 katokea kama chapati. Hilo nalo Trujillo?

Kisiki cha Mvule

Sosa alipaka krimu, na mwenyewe alikiri. Sasa wewe pita Kariakoo uangalie mkorogo unavyonunuliwa, halafu uniambie Trujillo alifika lini Msimbazi.

Dada wa Fordham

Naishi Bronx, New York, majirani zangu ni Wadominika watupu, na nywele zangu ziko mikononi mwao. Saluni zao zinasifika kwa kunyoosha bila dawa: unaoshwa, unafungwa rola kubwa, unakalishwa chini ya draya mpaka masikio yanawaka, kisha anakuja na brashi ya duara na draya ya mkono anavuta kutoka kwenye mzizi. Ukitoka hapo nywele zinapepea wiki nzima usipokutana na mvua.

Fundi wangu ni mweusi kunizidi mimi. Akishika nywele zangu anasema "pelo malo", nywele mbaya, na hasemi kwa ubaya, ni kama fundi viatu anavyosema hii soli imekwisha. Siku moja nikamwambia basi na zako mbaya. Akacheka, akasema ndiyo, sana, ndiyo maana nimejifunza kazi hii.

Lakini binti yake wa kidato, kazaliwa hapahapa, anafuga afro. Anajiita mweusi na Mdominika kwa pamoja na haoni tatizo. Mama anasema ni mambo ya Marekani. Kidogo ni kweli. Polisi wa hapa hawamuulizi mtu kama ni indio.

Kisiki cha Mvule

Asante dada, hii ndiyo michango. Ila si ya Marekani peke yake. Pale katikati ya mji mkongwe wa Santo Domingo, Carolina Contreras, anayejulikana kama Miss Rizos, alifungua mwaka 2014 saluni ya nywele za asili tu. Kwa nchi ambayo msichana huambiwa akanyooshe kabla ya kwenda kwenye usaili wa kazi, hiyo ni hatua.

Karani Mstaafu

Vinasaba vinasemaje? Maana huko ndiko kusikobishika.

Kisiki cha Mvule

Mzee, utafiti uliotangazwa 2016 ulitoa wastani wa asili ya Afrika asilimia 49 hivi, Ulaya 39, na Taino 4. Lakini sishabikii sana vinasaba. Afrika ya Dominika unaiona kwa macho bila maabara. Nenda Villa Mella, kaskazini mwa mji mkuu, ambako kuna udugu wa Roho Mtakatifu wa Wakongo. Ngoma zao zinaitwa "congos". Wanasema Roho Mtakatifu mwenyewe ndiye aliyewaletea ngoma hizo siku ya Pentekoste. Mwenzao akifa zinapigwa mkeshani, zinapigwa njiani kwenda kaburini, zinapigwa siku ya tisa, na miaka kadhaa baadaye zinapigwa tena kumuaga kabisa. UNESCO iliwatambua 2001. Kitongoji cha Los Mina kilianzishwa na watumwa waliotoroka upande wa Wafaransa. Samaná kuna wazao wa weusi huru wa Marekani waliohamia miaka ya 1820 kwa mwaliko wa Boyer. Hata mama wa wakulima, Mamá Tingó, aliyeuawa 1974 akitetea ardhi, alikuwa mweusi, na kituo cha treni ya mjini huko Villa Mella kina jina lake. Kwa hiyo weusi wenyewe haujafichwa. Kinachokatazwa ni kuutaja kama kitu kimoja na wa Haiti.

Sasa twende kwenye vyeti, ndiko nilikokuwa nakwenda.

Sukari ilifufuka kwa mtaji wa Kimarekani, na wakataji miwa wakatafutwa Haiti. Kuanzia 1952 serikali mbili zilikuwa na mkataba, ukafanywa tena 1966: Dominika inalipa, Haiti inaleta watu kwa maelfu. Walipangwa kwenye kambi za mashambani zinazoitwa batey, nyumba za mistari, bila maji, bila umeme. Msimu ukiisha wengi hawakurudi, na mashamba hayakutaka warudi. Wakazaa.

Katiba ya Dominika ilisema anayezaliwa nchini ni raia, isipokuwa watoto wa wanadiplomasia na wa wageni "walio safarini". Kanuni za uhamiaji zenyewe zilieleza kuwa msafiri ni anayepita kwa muda usiozidi siku 10. Sasa mtu aliyekata miwa miaka 30 kwenye kambi moja yuko safarini kwenda wapi? Lakini makarani wa vizazi ndivyo walivyoanza kuwatafsiri. Mwaka 2005 Mahakama ya Haki za Binadamu ya nchi za Amerika ikaamua kwa ajili ya wasichana wawili, Yean na Bosico, walionyimwa vyeti. Aliyesukuma sana kesi hiyo ni Sonia Pierre, mwenyewe mzaliwa wa batey, mama mmoja jasiri ajabu, alifariki 2011.

Dominika haikupenda. Mwaka 2008 Juliana Deguis Pierre, aliyezaliwa nchini mwaka 1984, alikwenda na cheti chake cha kuzaliwa kuomba kitambulisho. Ofisi ikabaki na cheti, kisa majina yake ya ukoo ni ya Kihaiti. Akashitaki. Tarehe 23 Septemba 2013 Mahakama ya Katiba ikamjibu kwa hukumu namba 168: wewe si raia na hukuwahi kuwa raia, kwa kuwa wazazi wako walikuwa "safarini". Haikuishia kwake. Ikaagiza madaftari ya vizazi yapekuliwe kurudi nyuma hadi 1929. Majaji wawili tu walipinga.

Soma tena hapo. Mtu ana miaka 60, amepiga kura, ana wajukuu, anaambiwa uraia wake ulikuwa kosa la karani. Wengi wao hawajawahi kukanyaga Haiti, Kikreoli wanakibabaisha. Makadirio ya walioguswa yalipita 200,000.

Dunia ikapiga kelele, na Mei 2014 ikatoka sheria namba 169. Waliokuwa wameandikishwa, karibu 61,000, warudishiwe karatasi zao, na wengi bado walizungushwa miaka na miaka. Ambao hawakuwahi kuandikishwa, wakajiandikishe kama wageni kwenye nchi waliyozaliwa, kisha waombe uraia. Dirisha lilipofungwa walikuwa wamejitokeza 8,755 tu. Watu walikosa ushahidi, wengine waliogopa mtego.

Mkwe wa Pogwe

Mimi nitakuwa mbaya wenu leo. Haiti imeshikwa na magenge, serikali hakuna. Dominika nayo ni nchi ya watu kama milioni 11, hospitali zake zinazalisha wanawake wa Kihaiti bure. Wangekuwa wanamiminika kwetu tungesema hivyohivyo. Kila nchi ina haki ya kufunga mlango wake, na si kila anayefunga mlango ni mbaguzi.

Kisiki cha Mvule

Hoja ina uzito, siipuuzi. Mpaka ni wao. Mtu aliyevuka jana ni suala la uhamiaji, na hata Mdominika mweusi asiye na chuki yoyote anaweza kutaka uhamiaji udhibitiwe. Mimi naongelea mtu ambaye hakuvuka chochote. Siasa za huko zinanufaika na kuwachanganya hao wawili, na kinachowachanganya ni rangi. Rais wa sasa, Luis Abinader, ni wa ukoo wa wahamiaji kutoka Lebanon. Hakuna karani aliyewahi kusema wazee wake walikuwa "safarini".

Mjukuu wa Shimba

Hapa kwetu Kwale Wamakonde walikaa tangu enzi za mashamba ya mkonge bila kitambulisho, mpaka 2016 walipotembea kwenda Nairobi kumwona Rais ndipo wakapewa. Kwa hivyo hii si hadithi ya mbali sana bwana.

Kisiki cha Mvule

Kweli, ndugu. Ila wale walisubiri kupewa ambacho hawakuwa nacho. Hawa wa Dominika walikuwa nacho mfukoni kikachomolewa.

Zuwena Forodhani

Na sasa hivi hali ikoje? Naona habari za ukuta.

Kisiki cha Mvule

Ukuta ulianza Februari 2022. Septemba 2023 mpaka mzima ulifungwa kwa sababu ya mfereji ambao Wahaiti walikuwa wanachimba kutoka mto Masacre wa mpakani. Oktoba 2024 serikali ikatangaza lengo la kufukuza watu 10,000 kwa wiki, na kwa mwaka huo waliofukuzwa walipita 270,000. Aprili 2025 ikaingia hospitali: mgeni anayefika hospitali za umma anaulizwa kitambulisho, barua ya kazi na anakoishi. Asiye navyo anatibiwa kwanza, kisha anakabidhiwa kwa uhamiaji. Siku ya kwanza walichukuliwa zaidi ya watu 100, wajawazito, waliotoka kujifungua, na watoto.

Mtoto wa Mbagala

Mkuu, mimi nina mpango wa kwenda Punta Cana, kwenye hoteli za ufukweni hukohuko Dominika, na mke wangu, tumepata ofa. Sisi ni weusi wa Mbagala original. Tutasumbuliwa?

Kisiki cha Mvule

Hotelini hakuna shida, pesa yako inapendwa. Ila Novemba 2022 ubalozi wa Marekani kule uliwatahadharisha raia wake wenye ngozi nyeusi kwamba wanaweza kusimamishwa na kushikiliwa kwenye misako ya uhamiaji, na serikali ya Dominika ilikasirika kweli. Mkitoka nje ya hoteli, tembeeni na pasipoti, si nakala. Na jifunzeni salamu mbili tatu za Kihispania kabla hamjapanda ndege.

Mtoto wa Mbagala

Pasipoti ya mke wangu inaisha mwezi wa nane. Ngoja niingie foleni ya uhamiaji kesho asubuhi.